Milimita Nne

Saa nane za usiku Iloilo, mvua inaponda mabati ya mkahawa wa jirani,
nami nafungua faili la mtu ambaye kwake ni adhuhuri ya theluji:
Eino Harjula, miaka sitini na minane, Duluth,
mwendesha kreni mstaafu wa gati la madini.

Daktari ameandika kama anayekimbilia basi:
"Jicho halifungi. Matone. Arudi baada ya wiki mbili."

Jicho lipi, daktari?
Na halifungi kwa nini?
Kovu limevuta ngozi? Mboni imetokeza ikalishinda kope?
Au ni ule mshipa wa fahamu wa saba,
umelala wenyewe, ukamnyima mwenzake usingizi?

Husemwa macho hayana pazia.
Yanayo, bwana.
Yanayo hadi siku pazia linapogoma kushuka.

Chini kabisa, muuguzi ameandika mengi.
Alimwambia mzee afumbe polepole, akaweka rula:
mwanya wa milimita nne, weupe mtupu,
mboni imekimbilia juu kujificha.
Rangi ikatiwa, taa ya buluu ikawashwa,
vidoa vya kijani vikajipanga ukingoni mwa chini.
Na maneno ya mkewe, Lempi, kama alivyoyatamka:
"Analala akinitazama. Usiku wa kwanza nilidhani amekufa.
Sasa nambandika utepe, kama ninavyofunga bahasha."

Yote yapo. Hakuna ninaloruhusiwa kutumia.
Sheria ya kazi hii: ugonjwa autaje daktari.
Usiandike kisichoandikwa,
hata ukikijua kama kiganja chako.

Msimamizi Dalisay anapita na kikombe.
"Weka H02.209, Felisa. Faili arobaini zinangoja."
Tisa ile ya mwisho ni mabega yaliyoinuliwa:
jicho lolote, kope lolote, sababu yoyote,
sijui, wala sikuulizwa.

Kufumbia macho ni rahisi
kwa mwenye macho yanayofumba.

Nikaandika swali. Mistari mitatu, kwa adabu.
Nikafanya faili nyingine: goti, figo, mimba, goti.

Saa kumi na moja alfajiri jibu likaja, bila salamu:
"Kulia. Kope la juu na la chini.
Kupooza kwa mshipa wa uso, chanzo hakijulikani."

G51.0, nikaandika. Kisha H02.23A.
Nikaitazama ile A kwa muda:
vijiti viwili vilivyoinama kutoka mbali
hadi vikakutana.

Nyumbani nafika jua limeshapanda.
Duluth giza linaingia; Lempi anatafuta mkasi.
Navuta pazia la chumba changu, lile la kununuliwa fupi.
Halifiki.
Mwanga unabaki pale, upana wa vidole viwili,
unanitazama.