Kimo cha Kipaza Sauti

Saa mbili asubuhi baa ya Ladislas imeshafurika,
kahawa huku, bia kule, soseji za wali zikifuka moshi.
Mimi niko mlangoni, nawagonga watu muhuri mkononi:
dola tano, wazee bure. Luiziana haijaamka, sisi tumeamka.

Mfunguzi wa shughuli alikuwa Ozeme,
mfupi wa kukuishia kiunoni,
mdomo mrefu kuliko barabara ya Lafayette.
Alimzika mkewe Jumatano, Jumamosi akatuvunja mbavu,
wala hatukujua alilia saa ngapi.
Kodiani ya Evariste nayo imo kabatini tangu Februari.
Walipishana wiki tatu tu kaburini,
kama walivyopishana jukwaani:
huyu akishuka, yule anapanda.

Leo fidla imeanza bila wao.
Pembetatu ya chuma ti-ting, ti-ting,
miguu ikakumbuka kabla vichwa havijakubali.

Kisha Delphine, mjukuu wa Evariste, msichana mlingoti,
akakikuta kipaza sauti kule kule chini,
kimo cha Ozeme. Miezi yote hii
hakuna aliyethubutu kukipandisha.
Akakitazama.
Akapiga magoti, akaimba.

Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, Mungu anisamehe,
halafu baa nzima, hata Bibi Eulalie,
kitambaa machoni, mabega yakimruka:
Ozeme, mshenzi wewe,
umetupata tena!

Foleni imefika barabarani.
Wino wa muhuri umekauka.
Ingieni tu.