Kipande cha Majaribio

Niliendesha tramu hapa Łódź miaka thelathini na mmoja,
najua ratiba ni kitu gani:
karatasi isemayo saa moja na dakika kumi na nne,
na theluji isemayo lake.

Kaka yangu Bogumił alikuwa mtia rangi.
Mama aliisoma wiki kwenye kucha zake:
wiki ya buluu, wiki ya zambarau,
wiki ya nyekundu, hata mkate ukabeba alama za vidole.
Glavu hazikuwepo.
Walipewa maziwa, nusu lita kila mtu,
eti yanasafisha.

Siku mkojo ulipotoka mwekundu
alicheka, akaniita mlangoni pa choo:
"Njoo uone, Wicek, kiwanda kimenirudia."
Alikuwa amestaafu miaka kumi na miwili.
Mimi sikucheka. Siku ile ile
nilikuwa na bahasha yangu mfukoni: tezi dume.

Ndugu wawili, korido moja, viti vya plastiki,
namba arobaini na namba arobaini na moja.

Daktari Szulc hapigi ramli.
Alitugeuzia kompyuta, tukaona mstari
ukishuka kama ngazi za nyumba kuukuu,
na kila unaposhuka, kuna watu.
Kwangu alisema: tatu na tatu, sita.
Hii yako ni kobe. Hatuikati, tutaivizia;
damu kila miezi mitatu, picha kila mwaka.
Wengi wa aina yako huja kufa kwa jambo jingine.
Niliona haya kwa jinsi nilivyopumua.

Kwake alinyamaza kwanza.
Imepita utando, akasema, imeingia kwenye msuli.
Dawa, mizunguko minne; kisha kibofu chenyewe kitoke.
Ila kwanza tutazisoma seli zako
tujue kama ni zile zinazosikia dawa, au viziwi.
Katika watu mia kama wewe...
Bogumił akamkatiza: "Katika hao mia, mimi ni yupi?"
"Hilo mstari haujui."

Akauliza nisichokitarajia.
"Hicho kinyama mlichonikata, mnakionaje?"
Tunakikata chembamba kuliko karatasi ya sigara,
tunakitia rangi. Zambarau kwenye viini, waridi kwingineko.
"Anatia nani?"
Msichana mmoja, ghorofa ya chini.
"Anasuuza kwa maji ya moto au ya baridi?"
Daktari hakujua. Akapiga simu.
Naapa, alipiga simu.

Tukirudi nyumbani alisema, uso kwenye kioo cha tramu:
kabla ya kuzamisha jora zima
tulichovya kipande, upana wa kidole,
tukakikausha, tukakipeleka dirishani.
Kipande hakisemi uongo, Wicek,
lakini jora lina nia yake.
Kipande kinakubali, jora linatoka na madoa.
Siku nyingine kipande kibaya, unatia hivyo hivyo
kwa kuwa oda ni oda,
na linatoka kama anga la Juni.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa;
ila mawingu hayajui paa la nani linavuja.

Akakubali. Nywele zilikwenda mzunguko wa pili.
Wa tatu, akachukia harufu ya kabichi,
yeye aliyeila miaka sabini.
Mimi nilibeba namba yangu: nne nukta mbili,
nne nukta tano, nne nukta tatu,
nikiamka usiku kuihesabu kama mtu anayedaiwa.
Kungoja nako ni tiba, wanasema.
Madhara yake hayakuandikwa kwenye kile kijikaratasi.

Machi, wiki tatu baada ya kisu,
nilimkuta jikoni, shati limepandishwa,
mfuko wa plastiki ubavuni,
ameuinua kuelekea dirishani
kama alivyoinua vitambaa.
Manjano hafifu.
Aliukazia macho muda mrefu,
jicho la mtu atafutaye doa.
"Ya leo imeshika," akasema.

Ya kesho hakuitaja.
Nikaweka maji ya chai.