Viti Viwili

Kopo la biskuti, mfuniko umeshika kutu.
Bwana Thackray hulifungua Jumapili, akishameza dawa,
hapa Waddington, dirisha likitazama uwanja wa ndege.

"Hii tuliipaka nyeupe pe," asema.
"Mimi nilikuwa fundi wa magurudumu."
Si weupe wa urembo:
ni wa kuurudisha mwako
wa bomu ambalo yenyewe ingelibeba.
Namfunga vifungo vya sweta. Sisemi neno.

Wanaume watano chini ya bawa,
mmoja kashika kikombe, mmoja kafumba macho.
Viti vya kumrusha mtu nje vilikuwa viwili tu.
Wale watatu wa nyuma walikuwa na mlango wa sakafuni
na dua.
Nyuso zao zimefifia kuliko zile mbili.
Nilidhani ni jua.
Kumbe ni kidole gumba chake, miaka sitini.

Walilala na viatu, wakingoja kengele.
Ililia mara nyingi, yote majaribio.
"Vita havikuja," asema,
"vikanichosha hivyo hivyo."

Ya mwisho kabisa haina ndege.
Ni kamba ya nguo, shuka zimelala upande mmoja
kama zimeitwa,
na Enid, mkewe, kaziba masikio,
kinywa wazi, anacheka au anapiga kelele.
Nyuma, kwa kalamu ya risasi:
*Jumatatu. Masizi tena. Nimefua upya.*

Hii huishika kwa kingo,
kwa vidole viwili,
na hanipi.