Picha Dirishani

Bahasha ya kahawia imesafiri nasi kutoka Mwanza,
usiku kucha juu ya mapaja ya mama,
kama mtoto aliyekatazwa kulia.
Asubuhi hii, Isevya, nimezibandika picha dirishani kwa plasta,
maana hatuna taa ya kusomea vichwa vya watu.
Tuna jua, na jua la Tabora halifichi la mtu.

Huyu ni baba. Rangi ya majivu yaliyopoa.
Amekatwa vipande ishirini, kama mkate wa slesi.

Dakta Rwechungura alitueleza taratibu,
kalamu ikigonga hapa, ikigonga pale:
"Sehemu ya mbele imenywea, hilo tulilitarajia.
Lakini teremkeni nami, chini, hadi kiini.
Hizi mbili za katikati, mfano wa mayai ya kwale,
ndizo thalamasi. Ni stesheni.
Karibu kila habari hupita hapa kwanza, ndipo iende kwake."
Mama akaangua kicheko kimoja, kikavu.
Dakta hakujua. Faili halikuandika
kwamba Mihambo Kasanda, miaka thelathini na moja,
alivuta wenzo pale stesheni,
ya Mwanza iende Mwanza, ya Kigoma Kigoma,
ya Mpanda isijikute imelala Itigi.

"Na hii?" nikauliza.
"Amigdala. Kwa kawaida hushiba. Ya baba yako…"
akatafuta neno, nikampa mwenyewe:
karanga ya mwaka wa ukame,
ganda lipo, ukilitikisa punje inacheza.

Kumbe humo ndimo ilimolala huruma yake.
Sikujua kwamba huruma ina anwani.

Na hakusahau, jamani. Watu wanasema kasahau.
Mwulize namba ya injini ya mwaka niliozaliwa, atakutajia.
Mwulize shangazi Kalunde alizikwa wapi, atakupeleka.
Ila siku ile ya maziko, udongo ungali mbichi,
alisimama katikati ya wanawake akauliza
kwa sauti ya kuitia abiria:
"Pilau inaiva saa ngapi?"
Akacheka.
Nilimvuta mkono mbele ya watu, nikamwambia neno
ambalo mtoto hamwambii mzazi.

Mtaa ukapata la kusema: mkewe kamlisha kitu.
Mama akalibeba na hilo, pamoja na ndoo za maji.

Ndani ya mashine, walituonya, wengine hulia.
Ile ngoma ya chuma, ga-ga-ga, tangi! kimya, tena ga-ga-ga.
Yeye alilala tuli,
na alipotolewa akamwambia fundi:
"Mabehewa ishirini na mawili. La tisa halikuungwa vizuri."

Sasa anakuja, ndala mguu mmoja,
kopo la asali kwapani, la tatu tangu Jumapili.
Anaitazama picha kama anavyoutazama ukuta.
Anaweka kidole kinachonata,
si pale dakta alipogonga; pembeni kabisa, kwenye jina.
"Wamekosea. Kasanda haina s mbili."

Mbali, honi.
"Ya Mpanda," anasema. "Imechelewa dakika arobaini."
"Kuna mtu unamsubiri, baba?"
Ananipa kopo. Tupu.
Mkono wake unabaki umenyooshwa, hauniombi, hauniamuru,
umenyooshwa tu.
Nafungua jingine. Napima vijiko viwili,
halafu, Mungu anisamehe, cha tatu.