Dakika Ishirini na Tisa

Mwanasiti, leo nimekupima tena.
Ramani ya ofisini, iliyoliwa na mende upande wa Mtwara,
nimeiwekea rula ya Saumu, ile yenye ufa:
toka kidoto cha Tanga hadi kidoto cha Bukoba
sentimita kumi na nane, na unywele.
Mhina akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mizigo:
"Kilomita mia tisa, na chenji yake."

Ndege yetu ya kupigia mfano ni ile ya panga moja puani,
iendayo Pemba na kurudi chai haijapoa.
Kilomita mia tatu kwa saa, upepo ukiwa na adabu.
Basi ni saa tatu.
Saa tatu tu, mke wangu!
Ni maharage yaliyosahauliwa kurowekwa.

Mstari wa rula unapanda Usambara,
unakata Simanjiro, unaruka Manyara,
unapita Serengeti bila kulipa kiingilio,
unagusa Ukerewe kidogo, kama anayebisha hodi,
kisha maji, maji, na wewe.
Lakini hakuna rubani anayeufuata.
Akutakaye hushuka kwanza Dar es Salaam,
akipe mgongo anakokwenda,
akalie kiti cha chuma, anunue maji kwa bei ya soda,
apande, ashuke Mwanza, apande tena.
Saa tatu zangu huzaa siku nzima,
na nauli huzaa mkopo.

Mimi kazi yangu mizani.
Mama wa Wete, kilo sabini na mbili; kikapu chake, tisa.
Mizani haiulizi nani anamfuata nani.
Juzi, walipokwisha ruka wote, nikapanda mwenyewe.
Sitini na moja.
Ulipopata uhamisho nilikuwa sitini na saba.
Usiulize.

Jana magharibi, Barabara ya Kumi na Mbili,
muadhini hajamaliza, Saumu tende mdomoni, simu sikioni:
"Mama, umefuturu?"
"Bado, mwanangu. Jua la huku limekaa juu ya kilima."
Akaniangalia kama mtu aliyepunjwa dukani.
Saa ni moja, redio ni moja, Rais ni mmoja,
jua je, la kwako lina ruhusa ya nani?

Tukailaza simu mezani, kati ya tambi na muhogo.
Uji wa pilipili manga ukaota ngozi.
Tulikusikia ukikwangua sufuria,
ukimjibu jirani kwa Kihaya cha kubabaisha,
ukinyamaza.
Saumu alihesabu: dakika ishirini na tisa.
Ndipo adhana ya Bukoba ikaingia Ngamiani
kwa kijispika kisichozidi kifungo cha shati,
na maji yakapita kooni mwako, tukayasikia.

Jua lilitoka dirishani kwetu likafika kwako
chini ya nusu saa,
wala halikupitia Dar es Salaam.

Asubuhi nimeliandika kwenye ubao wa safari, kwa chaki:
TANGA – BUKOBA. KILA SIKU. DAKIKA 29.
Mhina akacheka, akafuta kwa kiwiko.
Na afute.

Sasa hivi adhana imeshapita.
Nimekunywa maji, nimekula tende yangu.
Saumu yake ameifumbata, inamnata vidoleni.
Kula, nimemwambia, wewe mtoto, tena umefunga nusu siku.
Anatazama simu.
Anasema anangoja itue.