Nani Anapakana Napo

Baba alikuwa mpima ardhi, hapa Goma.
Mwaka ule moto ulipotoka mlimani
ukakata mji kama mtu anayejua njia,
watu walirudi wakakuta mwamba mmoja mweusi,
bado unafuka.
Kila mtu akasema: hapa palikuwa kwangu.
Na hapo hapo palikuwa pa watatu, wanne.

Akaja na kamba, na vigingi,
na daftari lililoungua pembe.
"Duka la Mama Kavugho lilitazamana na kinyozi.
Kinyozi alipakana na fundi saa."
Hakutafuta nyumba.
Alitafuta majirani.

Mimi nasoma ubongo wa panya
katika chumba cha nyuma, Himbi,
betri ya gari chini ya meza
maana umeme wetu una tabia zake.

Walimu wangu walikuwa wakisaga.
Ubongo mzima kichupani, kama sombe kinuni:
ukionja unajua kitunguu kimo,
hujui kilikaa wapi.
Jeni hii imesema mara elfu tatu.
Haya. Imesemea wapi?

Siku hizi hatusagi.
Kipande chembamba kuliko utando wa yai
kinalazwa juu ya kioo,
na kioo kina vidoa maelfu, kila kidoa na namba yake.
Seli zinalegea, zinaachia barua zao,
barua inadondoka pale pale ilipoandikwa,
inagongwa namba.
Hata ukizimwaga zote gunia moja baadaye,
ukazitikisa,
namba haisahau.

Juzi vijana walimleta baba kutoka Birere.
Alikuwa akiwauliza wapita njia
iko wapi barabara iliyo chini ya barabara.

Nikamketisha mbele ya kompyuta.
Tazama, mkunjo huu, kama pembe ya kondoo:
hapa ndipo panya anapoweka njia zake,
wapi kuna mahindi, wapi kuna paka.
Rangi ya machungwa ni jeni moja, ya kijani ni nyingine.
Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa shati.
Akasogeza kidole hadi kwenye doa tupu.

"Mbona hapa giza?"
Kipande kilijikunja, baba. Hapakusomeka.
"Nani anapakana napo?"
Nikamtajia, kushoto, kulia, juu,
majina yetu magumu ya herufi na tarakimu,
naye akaitikia kila moja kama anaitiwa orodha ya mtaa.
"Basi si giza," akasema.
"Ni kiwanja. Mwenyewe hajarudi."

Umeme ukakatika. Betri ikapokea, ikalia kidogo.
Katika mwanga ule wa kioo
akanigeukia, mpole, kama afisa dirishani:
"Nawe, mama, jina?"
Kahambu.
"Unapakana na nani?"

Na wewe, nikasema.

Akaanza kujipapasa mifuko,
anatafuta kalamu.