Matumbawe

Pantoni ilinishusha Msangamkuu
na suruali ya ofisini, nimeikunja magotini.
Somoe Nalyoto akanipa miwani na mrija:
"Pumua kwa mdomo. Pua ipe likizo."
Mimi mtu wa Newala,
maji nayajua ya ndoo.

Nikainamisha uso.
Kumbe chini kuna mji:
mawe yanayokula, yanayofunga milango
kivuli kikipita.
Kasa mmoja akanitazama
kama karani atazamavyo fomu isiyo na sahihi.
Halafu sauti,
mlango mzito ukifunguka taratibu,
ikanipita mbavuni.
Nilipoibuka, Somoe anacheka:
"Nyangumi huyo. Yuko mbali, hutamwona."

Sikumwona.

Alasiri, Mikindani,
ukuta mkongwe umepukutika chokaa.
Nikaweka kiganja:
vitundu vilevile, nyota zilezile ndogondogo,
ila vikavu.
Nani aliyang'oa baharini, kwa pumzi ipi?
Nani aliyabeba,
na yeye mwenyewe aliandikwa daftari gani,
kwa bei gani?
Mbuzi alikuwa amelala kizingitini.

Nikapumua kwa mdomo,
kama nilivyofundishwa.